Tone la Damu na Huzuni ya Mtoto: Je, Sonona Ina Kipimo?



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, safu hii ya masomo imezoea kuzungumzia fiqhi na sira. Katika toleo hili nimeomba nafasi nizungumzie jambo la tiba, kwa sababu lilinikuta nyumbani likizo iliyopita nami sikuwa na elimu nalo. Mimi si mwanafunzi wa udaktari. Nasoma masomo ya Kiislamu. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenzetu wanaosomea tiba. Ninayemzungumzia ni mdogo wangu. Amenipa ruhusa kusimulia habari yake bila kumtaja jina, kwa sharti moja: niseme ukweli juu ya yale niliyomwambia mimi mwenyewe.

Swali la mama

Kwetu ni Mwansabombwe, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, mji wa Mwata Kazembe. Baba ni Mkongo wa Pweto. Alivuka mpaka mwishoni mwa mwaka 2000 vita vilipofika kwao, akakaa katika kambi ya Kala upande wa Kawambwa, na mimi nikazaliwa huko. Ndiyo maana nyumbani tunazungumza Kiswahili na baba, na Kibemba na mama na majirani. Baba hununua dagaa na samaki wakavu Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru karibu na Nchelenge, akaja kuuza sokoni kwetu.

Nilifika likizo mwezi wa saba, wiki ya sherehe ya Mutomboko. Aliyekulia kwetu anazijua siku hizo: kila nyumba ina wageni, ngoma zinalia, watoto hawashikiki. Mdogo wangu, mwenye miaka 15, alikuwa amelala. Hakwenda uwanjani kabisa. Mpira alikuwa ameuacha tangu mwezi wa tano. Mama aliniambia amekuwa mkali, anamjibu kila mtu vibaya, usiku wa manane yuko macho na mchana anasinzia. Alama zake za shule zimeshuka. Zamani yeye ndiye aliyemwamsha baba kwa swala ya alfajiri. Sasa yeye ndiye anaamshwa mara tatu na haamki.

Mama alikuwa amempeleka zahanati mara tatu. Mara tatu alitobolewa kidole, na mara tatu kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Mara ya tatu mama akamwuliza mhudumu, "Hakuna kipimo kingine cha damu?" Akajibiwa kwamba hakuna, mtoto ni mzima, labda ni uvivu wa umri wake.

Baba akasema asomewe ruqya. Shangazi akasema ni hasadi ya watu. Mimi niliyetoka chuo kikuu nikamwambia, "Mdogo wangu, ongeza imani, utapona." Alinitazama kidogo akasema, "Sawa, dada," akageukia ukutani.

Somo hili ni jaribio la kulijibu swali la mama. Je, kipo kipimo kingine cha damu? Na kama hakipo, kwa nini? Na je, kukosekana kwa kipimo maana yake ni kwamba ugonjwa haupo?

Kiashiria ni nini?

Wataalamu husema "kiashiria cha kibiolojia" kwa maana ya kitu chochote kinachoweza kupimwa mwilini kikatuonyesha hali ya afya au ugonjwa: kiasi cha sukari katika damu, presha, joto, aina fulani ya protini.

Kwetu Luapula mfano bora ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yenye maambukizi makubwa ya malaria, kwa hiyo kila mtoto anakijua kile kipimo cha haraka: tone la damu, kijibodi cha plastiki, kusubiri robo saa, mstari mmoja au miwili. Kipimo hicho kinatafuta protini inayotengenezwa na kimelea chenyewe cha malaria. Mwili wa binadamu hauitengenezi. Ikionekana, tunajua kimelea kipo au kilikuwapo hivi karibuni. Chanzo ni kimoja, na alama yake ni moja.

Weka mfano huu akilini, kwa sababu sonona haiko hivyo.

Sonona ni nini, na kwa mtoto inaonekanaje?

Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribiana. Huzuni ni hali ya kawaida ya moyo, humpata kila mtu. Msongo wa mawazo ni mzigo wa shida unaobana akili. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ni ugonjwa. Daktari huitambua pale hali ya huzuni au kukosa hamu inapodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikiambatana na mambo mengine: usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujiona hufai, na wakati mwingine fikra za kifo, na yote hayo yanaharibu masomo, kazi au maisha ya nyumbani.

Kwa watoto na vijana kuna jambo tusilolijua wengi wetu: mara nyingi sonona haiji na machozi, inakuja na ukali. Mtoto anakasirika haraka, analalamika tumbo au kichwa, anaacha michezo aliyoipenda. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana huugua kwa kiwango kinachokaribiana. Baada ya hapo wasichana huugua karibu mara mbili ya wavulana. Na hili si jambo la nchi za mbali tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa yale makubwa.

Nilipoisoma orodha hiyo nilimwona mdogo wangu mstari kwa mstari. Alama hizo alikuwa nazo zote mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tunasubiri mstari kwenye kijibodi.

Wanazuoni wetu walilijua hili

Kabla ya kufika maabara za leo, turudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wanaoutibu mwili na kuisahau nafsi, hali ya kuwa viwili hivyo vimefungamana na kimoja kikiugua huathiri kingine.

Kuhusu huzuni aliigawa sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali. Ya pili ni ile inayomjia mtu bila sababu inayojulikana, ikamnyima raha na hamu ya mambo anayoyapenda. Na hiyo akaihusisha na mwili, na mabadiliko katika damu. Elimu yake ya damu ilikuwa ya zama zake na leo hatuifuati. Lakini swali lake ndilo swali la mama: ikiwa huzuni nyingine inatoka mwilini, je, alama yake mwilini iko wapi?

Baada yake akaja Ibn Sina (980–1037). Katika al-Qanun fi al-Tibb alizungumzia maradhi ya mapenzi, ambayo humfanya mtu adhoofike na kukosa usingizi. Akaeleza njia ya kumgundua anayependwa pale mgonjwa anapoficha: tabibu ashike mshipa wa mkono huku majina yanatajwa moja moja, na aangalie ni kwa jina lipi mapigo yanabadilika. Nizami Aruzi amesimulia katika Chahar Maqala jinsi Ibn Sina alivyotumia njia hiyo kwa kijana wa jamaa ya mtawala wa Gurgan, wakitaja mitaa, kisha nyumba, kisha watu.

Tazama vizuri. Mapigo ya moyo yalikuwa kiashiria cha kibiolojia. Lakini mapigo peke yake yasingesema lolote. Yalihitaji mtu wa kuuliza na wa kusikiliza. Tutarudi hapa.

Viashiria vilivyochunguzwa

Kwanza, kotisoli. Hii ni homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapokabiliwa na shida. Kwa mtu mzima wa afya hupanda asubuhi, ikafika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, kisha ikashuka polepole hadi usiku. Mwaka 1981 daktari Bernard Carroll na wenzake walitangaza kipimo kilichoamsha matumaini makubwa. Mgonjwa hupewa dawa ya deksamethasoni usiku. Kwa kawaida dawa hiyo huizima kotisoli, lakini kwa wengi wenye sonona kali haikuzimika. Watu walidhani kipimo cha maabara kimepatikana. Kisha ikaonekana kwamba wagonjwa wengi wa sonona wana majibu ya kawaida, na kwamba watu waliokonda sana au wenye maradhi mengine nao hupata majibu ya sonona. Kwa watoto na vijana majibu yaliyumba zaidi. Kipimo kikaachwa kama njia ya kutambua ugonjwa.

Kotisoli haikuachwa moja kwa moja. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 1,800 uliotumia mate ya asubuhi badala ya damu. Wavulana waliokuwa na dalili nyingi za huzuni na pia kotisoli ya juu asubuhi walikuwa na uwezekano wa takriban mara 14 wa kuja kuugua sonona, wakilinganishwa na wale wasio na lolote kati ya mawili hayo. Kwa wasichana tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Angalia kwamba hata hapo mate peke yake hayakutosha. Nguvu ilikuwa katika mate pamoja na majibu ya kijana mwenyewe kuhusu hali ya moyo wake.

Pili, uvimbe wa ndani ya mwili. Kinga ya mwili inapopambana na ugonjwa hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa intalukini-6, na ini hutoa protini iitwayo CRP. Kemikali hizi hufika hadi kwenye ubongo zikaleta uchovu, kukosa hamu na kutaka kujitenga. Kila aliyewahi kuugua homa kali anaijua hali hiyo. Huko Bristol, Uingereza, watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamefuatiliwa tangu kuzaliwa. Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba kati ya watoto wapatao 4,500 wa kundi hilo, wale waliokuwa na intalukini-6 nyingi walipokuwa na miaka 9 walikuwa na uwezekano wa karibu mara moja na nusu wa kuwa na sonona wakiwa na miaka 18. Ni tofauti ya kweli lakini ndogo. Wengi wenye kiwango cha juu hawakuugua, na wengi waliougua hawakuwa nacho.

Tatu, jeni. Mwaka 2003 utafiti kutoka New Zealand ulisema kwamba aina fulani ya jeni inayohusika na kemikali ya serotonini humfanya mtu augue sonona anapopatwa na misiba. Ulisifiwa sana. Mwaka 2019 jeni 18 za aina hiyo, zilizokuwa zikitajwa kwa miaka mingi, zilipimwa upya kwa idadi kubwa mno ya watu, na hazikuonekana kuwa na uhusiano na sonona kuliko jeni nyingine zilizookotwa tu. Leo inafahamika kwamba sonona inarithiwa kwa kiasi, lakini kupitia jeni nyingi mno, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Na tafiti nyingi kati ya hizo zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, si kwa watu wa Luapula wala wa Pwani.

Nne, usingizi na ubongo. Kwa watu wazima wenye sonona usingizi wa ndoto mara nyingi huja mapema kuliko kawaida. Kwa watoto jambo hili halionekani kwa uthabiti. Picha za ubongo nazo zimeonyesha kwamba kwa vijana wengi wenye sonona, sehemu za ubongo zinazoitikia jambo la kufurahisha huitikia kwa udhaifu. Lakini tofauti hizo huonekana ukilinganisha makundi ya watu. Ukimchukua kijana mmoja, picha haiwezi kukuambia kama anaumwa.

Kwa nini bado hakuna kipimo?

Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano wa kufikirika. Chukua shule yenye wanafunzi 1,000, na tuseme 50 kati yao wana sonona. Tuseme tumepata kipimo cha damu kinachowakamata 80 katika kila wagonjwa 100, na kinachowaacha huru 80 katika kila wazima 100. Kinasikika kizuri.

Katika wagonjwa 50, kitawakamata 40 na kuwakosa 10. Katika wazima 950, kitawaacha huru 760 na kuwaambia 190 kwamba ni wagonjwa. Jumla ya walioambiwa wana sonona ni 230, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 40 tu. Kwa kila watano au sita wanaoitwa wagonjwa, mmoja ndiye mgonjwa. Na wale 10 waliokoswa watarudi nyumbani wakiambiwa ni wazima, kama alivyorudi mdogo wangu. Viashiria tulivyovitaja juu, kimoja kimoja, ni dhaifu kuliko kipimo hiki cha kufikirika.

Sasa ongeza hali ya ziwa letu. Malaria hupandisha CRP na intalukini-6. Watoto wengi wa umri wa shule katika maeneo kama Nchelenge hutembea na vimelea vya malaria bila homa yoyote. Ukipima uvimbe katika damu zao, utajuaje kama umepima huzuni au umepima malaria? Au chukua kotisoli ya asubuhi. Dagaa wa Mweru huvuliwa usiku kwa taa, na vijana wengi huwasaidia wazee wao. Mtu aliyekesha ziwani, asubuhi yake ni ipi? Sisi wenyewe mwezi wa Ramadhani tunaamka kula daku na ratiba ya usingizi inabadilika. Kiwango kilichowekwa Cambridge hakiwezi kupelekwa Kashikishi kama kilivyo.

Sababu ya ndani zaidi ni kwamba sonona pengine si ugonjwa mmoja. Ni jina moja la hali nyingi zinazofanana kwa nje. Mmoja imemjia kwa kufiwa, mwingine kwa kupigwa nyumbani, mwingine kwa urithi, mwingine baada ya maradhi ya muda mrefu. Malaria ina kimelea chake. Sonona haina kimelea.

Damu ina kazi gani basi?

Isije mtu akafahamu kwamba vipimo havina maana. Vina kazi kubwa, ila kazi yake ni kuondoa maradhi mengine yanayofanana na sonona. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, hasinzii vizuri, haelewi darasani. Tezi ya shingo ikilegea mtu hupooza na kukosa hamu. Malaria ya mara kwa mara, virusi vya ukimwi, lishe duni, na hata baadhi ya dawa huweza kuleta hali hiyo. Kwa hiyo zahanati haikukosea kupima malaria. Kwetu ni wajibu kuanza hapo. Kosa lilikuwa kuishia hapo. Kipimo kilisema, "Hana malaria." Hakikusema, "Hana kitu." Sisi ndio tuliobadilisha maneno.

Kinachopima sonona leo

Kipimo kinachotumika duniani kote, kuanzia hospitali kubwa hadi kambi za wakimbizi, ni maswali. Liko dodoso la maswali tisa, linaloulizia wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, uchovu, hamu, kujilaumu, fikra za kifo na mengineyo. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na linatumika Kenya na Tanzania, na lipo la vijana. Halimalizi kazi, likionyesha dalili, mtaalamu huzungumza na kijana peke yake na pia na wazazi wake.

Na tiba ipo, karibu na kwetu. Kaskazini mwa Uganda, katika kambi za waliokimbia vita, vijana 314 wenye miaka 14 hadi 17 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Tiba ya mazungumzo katika vikundi ilipunguza sonona, hasa kwa wasichana. Lusaka, watoto 257 yatima na walio katika mazingira magumu walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambapo washauri wa kawaida waliofundishwa, si madaktari, waliwapunguzia watoto hao athari za misiba iliyowapata. Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikao vya wiki nne kwa wanafunzi wa sekondari. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Wote hao walipimwa kwa maswali, na walitibiwa kwa mazungumzo.

Dawa nazo zipo, lakini kwa umri huu hazitolewi ovyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu wahudumu wasio mabingwa kuwapa watoto dawa za sonona, na kwa vijana dawa huhitaji usimamizi wa mtaalamu. Usimnunulie mdogo wako dawa dukani.

Tunachofunzwa na dini

Nabii Ya'qub (a.s.) alihuzunika kwa Yusuf hata macho yake yakawa meupe, hayo yamo katika Sura Yusuf, aya ya 84. Huzuni iligusa mwili wa Nabii, na hakuna aliyesema imani yake ni pungufu. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib, wanahistoria waliuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na dhiki ya moyo na huzuni, na alituamrisha tujitibu kwa kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Dua, chakula, faraja ya watu na tabibu havikupingana.

Kwa hiyo ruqya aliyoitaka baba haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuifanya mbadala wa tiba. Na neno langu la "ongeza imani" lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu kijana anayejiona hafai alilisikia likimthibitishia kwamba kweli hafai.

Tulivyomalizia

Siku chache baada ya sherehe nilimwomba anisindikize hadi Kashikishi kumfuata baba. Tulikaa ufukweni tukitazama mitumbwi. Sikumpa nasaha. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nilikosea siku ile. Niambie usiku unakuwaje." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi siumwi popote. Nachoka tu kuwa mimi." Nikamwuliza waziwazi kama huwa anatamani kufa. Akasema wakati mwingine analala akitamani asiamke.

Niliogopa kumwuliza swali hilo nikidhani nitamtia wazo kichwani. Baadaye nilisoma kwamba kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Tulirudi nyumbani nikawaambia wazazi, kwa ruhusa yake. Usiku huo hakulala peke yake, na mama alizifunga dawa zote za nyumbani.

Wiki hiyo tulimpeleka hospitalini. Walimpima damu na kukuta ana upungufu kidogo, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Kisha mganga mmoja akawatoa wote nje, akamwuliza maswali kwa muda wa kama nusu saa. Alipotoka alimwambia mama jambo ambalo mama hulirudia hadi leo: kwamba mtoto anaumwa kweli, na kwamba anaweza kupona. Sasa anahudhuria mazungumzo kila baada ya wiki mbili. Kuna wiki nzuri na wiki mbaya. Mwezi uliopita baba alinipigia simu kuniambia kwamba ameamshwa alfajiri, na aliyemwamsha ni yeye.

Ewe ndugu yangu, dada yangu, utakaporudi nyumbani likizo hii, mtazame mdogo wako. Akiwa amebadilika kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke apimwe damu, na baada ya hapo kaa naye umwulize. Akikuambia anatamani kufa, usimwache peke yake, mwondolee vitu vya hatari, na mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Siri nyingine ni amana, lakini siri ya uhai haifichwi kwa wanaoweza kumwokoa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Eleza tofauti kati ya kiashiria cha malaria na viashiria vya sonona. Kwa nini kimoja kinatosha na vingine havitoshi?

2. Rudia hesabu ya shule ya wanafunzi 1,000, safari hii wagonjwa wakiwa 200. Kati ya watakaoambiwa wana sonona, wangapi ni wagonjwa wa kweli? Hilo linatufunza nini kuhusu kupima watu wote na kupima wenye dalili?

3. Al-Balkhi aligawa huzuni sehemu mbili. Je, mtu anaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja? Toa mfano.

4. Katika msikiti wenu, kijana akianza kukosa swala ya jamaa, hatua ya kwanza huwa ni ipi? Ingepaswa kuwa ipi?

Wallahu a'lam. Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu wanaoonekana na wasioonekana, na atujaalie tuwe faraja kwa wadogo zetu. Wabillahi tawfiq.